Tangi Likijaa Ndege Huwa Nzito: Maswali Yenu Kuhusu Safari Ndefu za Anga

Tangu nigusie safu iliyopita kwamba kuna abiria wanaokaa hewani karibu saa 19 bila kutua, maswali hayajakatika. Mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyaunganisha na kuchagua machache.

Safari ndefu kuliko zote kwa sasa ni ipi?

Ni ya Singapore Airlines kati ya Singapore na New York, kilomita 15,300 na ushei. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, tafuta tufe la darasani. Kwa longitudo, miji hii miwili karibu ipeane mgongo, kiasi kwamba uzi ukivutwa kwa mkato kutoka mmoja hadi mwingine unapita jirani kabisa na Ncha ya Kaskazini. Kutoka Singapore kupanda hadi kwenye ncha ni digrii 89 hivi, na kuteremka hadi New York ni 49. Jumla 138, kila digrii ina kilomita 111. Zidisha.

Marubani lakini hawaufuati uzi huo kila siku. Wanafuata upepo, hivyo leo ndege inaweza kupitia upande wa Pasifiki na kesho ikapita upande wa Atlantiki.

Mwandishi, kama shida ni mafuta kuisha, kwa nini wasiongeze tu matangi?

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko mengine yote, na nina haki ya kulijibu kwa urefu.

Ndege inayofanya safari ya New York ni Airbus A350-900ULR, yaani A350-900 iliyorekebishwa kwa masafa marefu mno. Matangi yake hubeba lita 165,000, wakati A350-900 za mwanzo zilibeba lita 141,000. Cha kuchekesha ni kwamba hawakufunga tangi jipya hata moja. Walirekebisha mfumo wa mafuta ili matangi yaleyale yajazwe zaidi. Nafasi, kumbe, ilikuwapo siku zote. Kilichokuwa kikizuia ni uzito.

Lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa kilo 0.8 hivi. Lita 165,000 basi ni tani 132. Ndege yenyewe hairuhusiwi kupaa ikiwa na zaidi ya tani 280, pamoja na kila kilichomo. Yaani ikijazwa pomoni, karibu nusu ya kinachonyanyuka pale uwanjani ni mafuta. Abiria wake 161, hata ukimpa kila mmoja kilo 100 pamoja na begi, hawafiki tani 17. Mafuta yanawazidi mara nane.

Sasa njoo kwenye kiini. Mafuta utakayoyachoma saa ya 17 lazima yabebwe kwa saa 16 zote zilizotangulia, na kuyabeba kunakula mafuta. Kwa kukadiria, kila tani unayoongeza ndegeni huchoma takriban asilimia 3 ya uzito wake kwa kila saa ya safari. Kwa safari ya saa 18, ukitaka tani moja ya ziada ifike mwisho, inabidi uondoke na zaidi ya tani moja na nusu. Na hiyo nusu nayo inabebwa na mafuta. Ni kama msafiri wa jangwani anayebeba maji: kadiri anavyojitwika mengi ndivyo anavyotoka jasho na kunywa zaidi. Inafika mahali kila lita unayoongeza inakupa kilomita chache kuliko lita iliyoitangulia, huku mabawa, matairi na injini vikitakiwa viwe imara zaidi. Vyote hivyo vikiimarishwa vinaongeza uzito tena.

Ndiyo maana ndege hizi hupanda kwa ngazi. Mwanzoni ni nzito, zinatulia kwenye futi 31,000 hivi. Mafuta yakipungua zinapanda kidogo, baadaye tena kidogo, hadi saa za mwisho zikawa futi 39,000 au 41,000, ambako hewa ni nyepesi na injini zinatumia mafuta kidogo. Ukikaa dirishani usikilize: katikati ya usiku injini huongeza mngurumo kwa dakika chache kisha zikatulia. Mara nyingi ni ngazi hiyo inapandwa.

Nilitafuta tiketi ya daraja la kawaida kwenye safari hiyo sikuipata. Wanabagua?

Haipo. Ndege ina viti 67 vya daraja la biashara na 94 vya daraja la kati lililoboreshwa, basi. Ndege za aina hiyohiyo kwenye safari fupi hubeba watu 300 au zaidi. Wamepunguza watu ili mafuta yatoshe, na waliobaki wanalipia viti vya wasiokuwapo. Mimi siuoni kuwa ubaguzi, ingawa mfuko wangu una maoni yake.

Safari hii iliwahi kufa, ikafufuka. Shirika hilohilo lilianza kuruka hadi Newark, jirani na New York, mwaka 2004 kwa Airbus A340-500 yenye injini nne. Baadaye likabakiza viti 100 tu, vyote vya daraja la biashara, na bado 2013 likaacha. Injini nne zilikuwa na kiu isiyolipika. Oktoba 2018 likarudi na ndege ya injini mbili.

Basi kutua njiani si nafuu zaidi?

Kwa mafuta, ndiyo. Ukigawa kilomita 15,000 mara mbili unaacha kubeba mafuta ya nusu ya pili wakati wa nusu ya kwanza. Lakini kutua nako kuna ada ya uwanja, kunakula saa moja au mbili, na kunaleta hatari ya kukosa ndege ya kuunganisha. Wapo abiria wanaolipa vizuri ili wasiamshwe usiku wa manane kuburuta begi kwenye uwanja wasioujua. Biashara yote imesimama juu ya hao.

Kuna ndege iliyowahi kwenda mbali zaidi ya hapo?

Zipo, ila bila abiria wa tiketi. Novemba 2005 Boeing ilirusha 777-200LR kutoka Hong Kong hadi London kwa kuzunguka upande wa mashariki, juu ya Pasifiki, Marekani na Atlantiki. Ilikwenda kilomita 21,602 kwa saa 22 na dakika 42, ikiwa na watu wachache sana ndani.

Ninayoipenda mimi ni ya Agosti 1989. Qantas, shirika la ndege la Australia, walikuwa wamepokea Boeing 747-400 mpya, wakaamua kuipeleka London hadi Sydney bila kutua. Uwezo wake wa kawaida haukufika huko. Walitafuta mafuta maalumu mazito zaidi, ili kila lita iwe na nguvu kubwa kidogo. Kisha, badala ya kuwasha injini na kujiendesha hadi kwenye njia ya kurukia, ndege ilivutwa na trekta hadi huko. Yaani walibana hata mafuta ya kutembea uwanjani! Ilitua Sydney baada ya saa 20 na dakika 9.

Na msidhani kukaa sana hewani ni jambo la juzi. Katika Vita Kuu ya Pili, ndege za baharini aina ya Catalina ziliruka kati ya Perth, Australia, na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kwa saa 27 hadi 33. Zilikuwa za polepole kiasi kwamba waliokuwamo waliliona jua likichomoza mara mbili kabla ya kufika. Safari zenyewe zikaitwa za macheo mawili.

London hadi Sydney kwa abiria wa kawaida ni lini?

Mpango wa Qantas ni 2027. Mradi wenyewe wameuita Sunrise, yaani macheo, kwa kuzikumbuka zile Catalina. Wameagiza Airbus A350-1000 kumi na mbili, kila moja na tangi la ziada la lita 20,000 upande wa nyuma na viti 238 tu. Ni kilomita 17,000 hivi, na upepo ukikataa safari inaweza kufika saa 22.

Kwa nini kwenda na kurudi hakulingani?

Huko juu kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukielekea mashariki inakusukuma, ukielekea magharibi unapambana nayo. Kwenye safari ndefu tofauti hufika saa nzima au zaidi, kwa hiyo mpanga safari hupima mafuta kwa upepo wa siku ile.

Rubani anakaa macho saa zote hizo?

Hapana. Kwa kawaida wanakuwa wanne, wanapokezana, na kuna vitanda vyao mahali ambapo abiria haoni.

Abiria akiugua ghafla saa moja baada ya kupaa?

Ndege inarudi au inatafuta uwanja wa karibu, lakini ina tatizo: ni nzito mno kutua. Uzito unaoruhusiwa kutua uko chini ya ule wa kupaa kwa tani 70 hivi. Mara nyingi hufungua vali na kuyamwaga mafuta angani, juu sana, yageuke mvuke kabla ya kufika chini. Hali ikiwa mbaya sana, rubani hutua na uzito wake na mafundi wanaikagua ndege baadaye.

Ndege za umeme hazitamaliza tatizo hili?

Kwa safari hizi sizioni. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati zaidi ya mara 40 ya kilo moja ya betri za leo. Mota ya umeme haipotezi nguvu nyingi kama injini, lakini pengo hilo halizibiki. Tena betri haipungui uzito njiani. Ile nafuu ya kupanda ngazi haipo, unatua na mzigo uleule ulioondoka nao.

Je, kuna haja ya ndege yenye masafa makubwa zaidi?

Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 na kidogo. Ukifika 20,000 umefika upande wa pili kabisa, ukiendelea unaanza kurudi nyumbani. A350-900ULR inatajwa kufika 18,000. Kilichobaki ni kidogo, na miji mikubwa iliyo mbali kiasi hicho inahesabika. Sioni nani atalipia kiwanda kitengeneze ndege mpya kwa ajili yake.

Nina safari ya saa 17 mwezi ujao. Miguu yangu je?

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionesha kuwa hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka takriban maradufu baada ya kukaa saa 4 au zaidi bila kujinyoosha, iwe kwenye ndege, basi au gari. Kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Ikiwa umewahi kupata mgando, ni mjamzito, au umefanyiwa upasuaji karibuni, muone daktari kabla ya kulipa tiketi. Wengine chagueni kiti cha pembeni ya njia, msimame kila baada ya saa moja au mbili, mkunje na kukunjua vifundo vya miguu mkiwa mmekaa. Viatu legezeni kamba lakini msivifiche mbali. Mimi nilivivua mara moja kwenye safari ya saa 15, na wakati wa kutua kimoja kilikataa kuingia. Nilishuka nimekishika mkononi.