Mtoto kusafiri peke yake kwa ndege kutoka Kisumu

Mama, umeuliza iwapo mwanao wa miaka 9 anaweza kutoka Kisumu hadi London peke yake, na nani atamwangalia akiunganisha ndege Jomo Kenyatta. Anaweza, ila si kwa kila shirika: British Airways iliacha huduma ya kuwaangalia watoto wanaosafiri peke yao mwaka 2016. Yanayoitoa huwapokea kwa kawaida watoto wa miaka 5 hadi 11 kwa ada ya ziada, nawe hujaza fomu yenye jina na simu ya mpokeaji, ambaye lazima aonyeshe kitambulisho ndipo akabidhiwe mtoto. Ukumbi wa mapumziko atakamosubiri ndege ya pili usikushughulishe sana, maana viti vizuri havilei mtoto. Uliza iwapo mhudumu atakaa naye muda wote. Nawe usiondoke uwanjani kabla ndege haijaruka.