Chukua 5600G, keisi ya mataa baadaye

Mdogo wangu, umeuliza kwa kompyuta unayotaka kuunda uchukue prosesa ya Ryzen 5 5600 au 5600G, na hela ya kadi ya grafiki bado hujaipata. Chukua 5600G. Zote zina kore 6, ila ile isiyo na G haina grafiki ndani. Ukiwasha bila kadi, skrini inabaki nyeusi tii. Yalinikuta hayo. Nilikesha nafungua na kufunga mashine, kumbe nzima kabisa!

Halafu ram, kumbukumbu ya muda ya mashine: usinunue kipande kimoja cha GB 16. Nunua viwili vya GB 8, na kama bodi mama ina nafasi nne, chomeka kwenye ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Grafiki ya ndani inakopa ram hiyohiyo, kwa hiyo vikifanya kazi viwili pamoja, gemu inapata nafuu unayoiona kwa macho. Video zako za harusi za 1080p utaedit bila shida, za 4K zitengenezee proksi kwanza, yaani nakala nyepesi za kueditia.

Bodi ya B550 inatosha. Pawasaplai isiyo na jina, ile nyepesi kama boksi tupu la viatu, mwachie muuzaji. Tafuta ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus, ya kutopoteza umeme mwingi, ili kadi ikija usibadilishe tena. SSD ya NVMe, diski ya kasi inayochomekwa kwenye bodi, ya GB 500 iwe ya Windows na kazi unayoishika, harusi zilizokwisha hamishia diski ya nje.

Keisi yenye mataa? Mataa hayarenderi video, bwana.