CT ya pili si ya kuwachuna pesa

Dada wa Likoni, pole kwa mzee kupatwa na kiharusi. Umeandika kwamba waona CT ya pili, yaani picha ya ndani ya kichwa, ni njia ya hospitali ya kuwachuna pesa, maana ya kwanza haikuonyesha damu. Sidhani.

Mlibahatika feri haikuwachelewesha, mzee akapewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Lakini sehemu ya ubongo iliyokosa damu, kuta za mishipa yake hudhoofika. Damu ikirudi, yaweza kuvuja. Katika utafiti wa 1995 wa NINDS, taasisi ya Marekani ya magonjwa ya neva na kiharusi, waliopewa dawa hiyo, asilimia 6.4 walivuja damu ubongoni hadi hali ikazorota, wasiopewa, 0.6. Ndiyo maana baada ya saa 24 hupigwa picha tena kabla ya kuanzishiwa aspirini, ambayo yaweza kuzidisha kuvuja.

Hata CT ile ya kwanza ina mengi ya kueleza. Mwombe daktari akuonyeshe eneo lililoingia weusi, yaani sehemu ya ubongo iliyoumia, ni kubwa kiasi gani. Kuna alama za ASPECTS ambazo madaktari huipa CT ya kiharusi: 10 ni picha isiyo na dalili, na kadiri zinavyoshuka, hatari ya kuvuja hupanda. MRI, picha ya mashine ya sumaku, huona zaidi, hata vitone vya damu vya zamani, ila msiuze kiwanja kwa ajili yake kabla hamjaambiwa itabadilisha tiba. Presha na sukari nazo zina usemi katika hatari ya kuvuja.

Na jamani, hiyo aspirini mnayotaka kumpenyezea mzee kwa siri, acheni! Akitapika, akilalamika kichwa sana au akisinzia kupita kawaida, mwite nesi papo hapo, hata usiku wa manane.