Duara la mwarobaini kwenye sahani ya petri

Mdogo wangu, unauliza kama duara la milimita 11 lisiloota bakteria, kuzunguka karatasi yenye dondoo la mwarobaini, linatosha kuthibitisha kwamba dondoo hilo linaua bakteria aina ya Staphylococcus aureus. Bado. Umesema uliliyeyusha kwa ethanoli. Je, uliweka karatasi nyingine yenye ethanoli tupu? Ethanoli yenyewe huua bakteria! Karatasi zikauke kabisa kabla ya kuzibandika, na mojawapo iwe ya antibayotiki inayojulikana, ya kulinganishia.

Tena, usipime ubora wa mmea kwa upana wa duara. Viambato vingi vya majani havipatani na maji, hivyo husambaa kwa shida kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria), na dondoo kali linaweza kutoa duara dogo. Tafuta kiwango cha chini kinachozuia ukuaji: zimua dondoo nusu kwa nusu katika kimiminika cha kuoteshea, kila kiwango kwenye kishimo chake cha sahani ya vishimo, tia bakteria, acha saa 18 hadi 24 kwenye nyuzi 37. Dondoo la majani lina ukijani, utashindwa kuona kama kimiminika kimechafuka, hivyo ongeza resazurini, rangi ya buluu ya kupimia uhai wa bakteria. Ikibaki buluu, ukuaji umezuiwa. Ikigeuka waridi, bakteria wako hai. Kwenye vishimo vya buluu chota tone, lipande kwenye agari mpya, ndipo utajua kama wamekufa au wamezuiwa tu.