Maswali ya Wasomaji: Unalipia Ngozi au Unalipia Jina?

Salaam, mhariri. Kuna dada ananiuzia Neverfull ya Louis Vuitton iliyotumika, ile ya kahawia yenye herufi na maua, kwa shilingi milioni 2.5. Anasema ni ngozi tupu, na ndani ina namba ya kuthibitisha kuwa ni orijino. Nichukue? (Msomaji, Sinza)

Dada, kabla ya bei, hilo neno "ngozi tupu" ndilo linalotutia shaka. Mwili wa mkoba huo si ngozi. Ni turubai la pamba lililopakwa plastiki ya PVC, na orijino ndivyo ilivyo. Ngozi iko kwenye mikono na kingo tu, nayo haijatiwa rangi: ikiwa mpya imepauka, kisha jasho na jua huigeuza polepole ikawa rangi ya asali. Mkoba uliobebwa Dar miaka mitano halafu mikono yake imepauka kama imetoka dukani jana, muulize muuzaji vizuri.

Sasa hiyo namba. Kuanzia 2007 hadi mapema 2021 zilikuwa herufi mbili na tarakimu nne. Tarakimu ya kwanza na ya tatu ni wiki, ya pili na ya nne ni mwaka. Kwa hiyo 3185 ni wiki ya 38 ya mwaka 2015. Ukikuta 7142, hiyo ni wiki ya 74, na mwaka wa wiki 74 haujazaliwa. Rudisha mkoba, aga kwa heshima. Lakini namba ikisomeka sawasawa usishangilie, maana waundaji wa feki nao wanajua kuhesabu. Mikoba ya baada ya hapo haina namba hiyo kabisa, ina chipu iliyofichwa ndani.

Tuseme ni orijino. Piga hesabu ya matumizi: ukiubeba siku tatu kwa wiki kwa miaka mitano, ni siku 780, yaani kama shilingi 3,200 kila unapotoka nao. Mkoba wa ngozi wa fundi wa shilingi 120,000 ukidumu miaka miwili kwa mwendo huohuo, ni kama 385. Turubai lile ni gumu kweli na mvua ya masika haliiogopi, ila sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni jina. Kama jina unalitaka, lilipie kwa macho makavu, usijiambie unanunua ngozi.

Mkoba wangu wa laki tatu nilioununua dukani kama ngozi umeanza kubanduka kama ganda la muhogo, na sijaubeba hata mara kumi. Fundi anaweza kuuokoa? (Mama wawili, Tabata)

Hawezi, mama. Hiyo ni ngozi bandia: kitambaa kilichopakwa plastiki iitwayo poliyurethani. Unyevu wa hewa huivunjavunja taratibu, na joto letu huongeza kasi, hata mkoba ukiwa umelala kabatini. Fundi akiupaka rangi, rangi itabanduka pamoja na ganda.

Siku nyingine, kabla ya kulipa, tafuta mahali palipokatwa: ndani ya mfuko mdogo, au kwenye ncha ya mkanda. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi kama za suede, ile ngozi yenye vinyweleo laini, unene wote. Ukiona utando laini juu na kitambaa kilichofumwa chini, hiyo siyo. Harufu isikudanganye, inapulizwa.

Ngozi halisi nayo ina adui wake, ukungu. Ufute kwa kitambaa kikavu ukiwa nje ya nyumba, usiusambaze chumbani. Changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, pitisha kitambaa chenye unyevunyevu tu, kisha anika kivulini penye upepo. Jua kali huikakamaza ngozi, na mafuta ya nazi huiachia madoa. Ukiuhifadhi mkoba, ujaze kanga kuukuu uwe na umbo lake, usiufunge kwenye mfuko wa nailoni.

Mkanda wa laki nane una nini ambacho wa fundi hauna? (Msomaji, Kigamboni)

Bizimu, kaka, kile kifungo cha mkanda. Mikanda mingi yenye nembo kubwa ni tabaka mbili zilizogundishwa na kushonwa, nayo hufa kwa namna ileile: gundi inaachia pale unapokunjia, tundu linavutika likawa yai. Mwambie fundi akukatie kipande kimoja cha ngozi chenye unene wa milimita 3.5 hadi 4, upana milimita 35 kwa suti au 38 kwa jinzi. Chukua mkanda wako wa zamani, pima kutoka mwanzo wa bizimu hadi tundu unalolitumia, siyo hadi nchani. Kipimo hicho kiwe tundu la katikati katika matundu matano, yaliyoachana sentimita 2.5. Bizimu liwe la shaba ya njano, maana lile lililochovywa rangi tu huchubuliwa na jasho.

Miwani ya jua ya bei ghali inalinda macho zaidi? (Msomaji, Mbagala)

Bei hailindi, kinacholinda ni kioo kinachozuia mionzi ya urujuanimno (UV, ile mionzi ya jua isiyoonekana) hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400, ndiyo maana ya UV400. EssilorLuxottica, kampuni yenye Ray-Ban, ndiyo inayotengeneza pia miwani za Prada na Chanel. Ogopa kioo cheusi kisicho na kinga: giza linatanua mboni, mionzi inaingia kwa wingi. Kibandiko cha UV400 kinabandikwa na yeyote, kwa hiyo ipeleke duka la miwani lenye kipimo cha mionzi. Ni kazi ya dakika moja.