Mustang ya 1965: diski za mbele zinatosha

Kaka, umeuliza kama Mustang yako ya 1965, silinda sita, inahitaji breki za diski (pedi hubana sahani inayozunguka na gurudumu) magurudumu yote manne. Hapana. Weka mbele tu. Ukikanyaga breki uzito wa gari hukimbilia mbele, na huko ndiko dramu, yaani breki za asili zinazosukuma viatu ndani ya ngoma ya gurudumu, hupata moto na kuishiwa nguvu kwenye mteremko mrefu. Dramu za nyuma ziache.

Cha kuangalia sana ni masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Hiyo yako ya asili ina chumba kimoja: bomba likipasuka popote, umebaki na hendibreki. Ford waliweka ya vyumba viwili kuanzia modeli ya 1967, kwa hiyo nunua ya namna hiyo, iliyotengenezwa kwa diski mbele na dramu nyuma. Masta ya dramu ina vali ndogo inayobakiza presha kwenye bomba. Ukiiunganisha na diski, pedi zitasugua muda wote. Ongeza pia vali ya kupunguza presha ya nyuma, la sivyo matairi ya nyuma yatafunga (yataacha kuzunguka) kwanza na gari litazunguka nyuma mbele.

Buusta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu, si lazima, ila pedali itakuwa ngumu kidogo, maana diski hazijivuti zenyewe kama dramu, ambayo mzunguko wa gurudumu huikaza zaidi.

Halafu rimu. Silinda sita ilitoka na nati nne kila gurudumu, vifaa vingi vya diski ni vya nati tano, na rimu za zamani za inchi 14 mara nyingi hugonga kalipa, kifaa kinachobana pedi. Pima kabla hujalipa.