Maswali ya Wasomaji: Kuhama Nyumba na Kusonga Ugali Guangzhou

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Nimemfuata mume wangu aliyeajiriwa huku Guangzhou, na nina kibali cha ukaazi cha familia. Wiki tatu zilizopita tulitoka katika nyumba ya mwajiri, tukapanga karibu na Xiaobei. Mwenye nyumba anasema hatuna haja ya kwenda polisi, kwa kuwa tulijiandikisha tulipofika. Isitoshe, dada mmoja wa nyumbani anayesafirisha mizigo ananiomba nimkalie dukani mchana, “kama msaada tu.” Nifanyeje?
Mama wa Wawili

JIBU: Dada yangu, mwenye nyumba amekupotosha. Kwa sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, mgeni asiyelala hotelini anatakiwa yeye mwenyewe, au yule aliyempa makao, kumwandikisha katika kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24 tangu aingie katika makao hayo. Uandikishaji huo hufuata anwani, haufuati mtu. Ule wa nyumba ya mwajiri uliisha kazi siku mlipofunga mizigo. Wengi wetu hujikwaa hapa, maana tumezoea kwamba kibali kikishabandikwa katika pasipoti mambo yamekwisha.

Nendeni kesho asubuhi, wala msingoje kuitwa. Chukueni pasipoti za wote, za watoto zikiwemo, pamoja na mkataba wa pango, na mumwombe mwenye nyumba afuatane nanyi au awape nakala ya kitambulisho chake na ya hati za nyumba. Ulizeni paichusuo, yaani kituo cha polisi, ya mtaa wenu, si kituo chochote kilicho karibu na treni. Mliochelewa mnaweza kupewa onyo, na sheria inaruhusu pia faini isiyozidi yuan 2,000. Anayejipeleka mwenyewe, kwa niliyoyaona, husikilizwa kwa upole kuliko anayekutwa na askari mlangoni. Mkipewa karatasi, isomeni palepale dirishani, herufi kwa herufi. Yangu ya kwanza ilikosewa namba moja ya pasipoti, nikaja kuligundua kosa miezi minne baadaye nilipokwenda kuhuisha kibali, nikarudishwa mwanzo wa foleni. Kisha ihifadhini katika mfuko wa plastiki, kwa sababu majira ya kuchipua yakifika, kuta za Guangzhou hutoka jasho na karatasi hulowa hata ndani ya kabati.

Kuhusu duka, jibu langu ni fupi na huenda likamuudhi dada huyo: usikae. Kibali cha familia hakiruhusu kazi, na mkaguzi akikukuta nyuma ya meza ukipokea mizigo, itakuwa vigumu kumweleza kwamba hulipwi. Faini ya kufanya kazi bila kibali ni kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likionekana zito huongezwa kizuizi cha siku 5 hadi 15. Mwambie kwa heshima kwamba utampelekea chai, lakini utaondoka na birika lako.

SWALI: Nimekaa Guangzhou mwezi mzima na kila nikisonga ugali unatoka kama gundi, unang'aa na kuvutika. Maji ndiyo mabaya?
Mpenda Sembe

JIBU: Maji hayana kosa, ndugu yangu, umenunua wanga. Madukani kuna pakiti mbili zinazofanana sana, zote nyeupe au zenye picha ya muhindi: yumi dianfen, ambayo ni wanga wa kuzidishia mchuzi uzito, na yumifen, ambayo ni unga wa mahindi wenyewe. Ukiminya pakiti ya wanga kwa vidole utauhisi ukikwaruza kama theluji kavu, ilhali unga hutulia kimya. Unga wa huku mara nyingi ni wa njano, na ugali wake una utamu kidogo ambao mimi sikuuzoea mpaka mwaka wa pili. Tafuta ule wa chembe ndogo, na usonge kwa moto mdogo kuliko wa nyumbani, hasa kama jiko lako ni la umeme. Pakiti ya wanga usiitupe: pakaza kijiko kimoja kwenye nyama kabla ya kuikaanga, utaona inavyolainika.